Gogo Kando ya Reli

Kijiwe chetu kiko mbele ya ofisi ya kituo iliyofungwa kufuli, pale barabara ya vumbi inapokutana na jukwaa la treni. Benchi ni mataruma mawili ya zamani ya reli yaliyolazwa juu ya mawe, na meza ni kreti la soda lililopinduliwa. Nauza kahawa hapo tangu mwanangu wa mwisho aanze darasa la kwanza. Nina jiko moja la mkaa, mabirika mawili na vikombe tisa, kimoja hakina kishikio. Ukikaa benchini, kushoto unaiona reli mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Kulia huoni kitu, kwa sababu tangi kubwa la maji la enzi za treni za mvuke limeziba. Treni ya abiria hupita Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, na hurudi jioni. Siku ninayoisimulia ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu, kahawa imeshachemka na hakuna aliyeisifu.

Binti yangu alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mkoba miguuni, mikono juu ya tumbo. Wiki moja kabla, nesi wa zahanati alimpapasa, akampapasa tena, kisha akaniita mimi nje. Mtoto alikuwa amelala kingamo, si kichwa chini. Nesi alisema tusisubiri uchungu, kwa sababu ukimkuta hapa, yeye hana kisu wala damu ya kumwongezea. Hospitali iko vituo vinne mbele. Barabara ilikatika mvua zilipobeba daraja, na hata pikipiki sasa zinavushwa korongo kwa kubebwa mabegani. Mwanamke wa hali ile habebwi begani. Ilibaki treni.

Jumanne tulikuwa jukwaani tangu saa tatu. Treni ilitokea kwenye kona, ikaja, ikapita. Haikupunguza mwendo hata kidogo. Tulipunga mikono wote, na yule bwana wa bendera kwenye behewa la mwisho akatupungia na yeye, kwa heshima kabisa. Kila mtu hupungia treni. Binti yangu alibaki mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine bado uko juu, mpaka nilipoushusha mimi.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo kijiwe kizima kilikuwa na kazi moja, kujua kwa nini Jumanne haikusimama, ili leo isimame. Nilishapiga simu ile namba ya shirika iliyoandikwa ukutani kwa rangi. Alipokea muuza magodoro, akasema namba hiyo anayo mwaka wa sita sasa, akaniuliza kama nahitaji la futi tano kwa sita.

Aliyeanza ni Redio, kwa sababu huanza yeye siku zote. Redio ni kinyozi. Habari zake huzipata kwa watu ambao hawawezi kusogeza shingo, na akishazipata hazilali kwake. Alisema amemnyoa mtu ambaye shemeji yake anafagia makao makuu ya reli.

– Kituo hakijafungwa, alisema. Kimefutwa. Kwenye ramani mpya hapa pana nyasi.

– Nyasi zipi? akauliza Mhandisi.

– Nyasi tu. Wamechora nyasi.

Mhandisi ni fundi baiskeli. Hajawahi kuwa mhandisi wa kitu chochote, lakini aliwahi kufungua jenereta ya zahanati na kuifunga tena, ikabaki na skrubu nne za ziada na ikawaka. Yeye aliona ramani haina neno. Tatizo ni injini. Ile injini imeletwa kutoka nchi za baridi, na breki zake zimetengenezwa kufanya kazi kwenye barafu.

– Na huko inakosimama inasimamaje?

– Huko kuna mteremko.

– Kwa hiyo mteremko ndio unaisimamisha?

– Redio, wewe nyoa watu.

Mkwe wangu aliwasikiliza. Huyu ni mama wa mume wa binti yangu. Kijana mwenyewe yuko kazini mbali, likizo amenyimwa. Mama alifika Alhamisi jioni, kwa miguu kutoka korongoni, sketi imejaa tope mpaka magotini, ili amsindikize mkaza mwanawe. Mimi nina watatu wa shule nyumbani na siwezi kuwaacha wiki nzima. Tulikuwa tumeonana mara mbili tu, siku ya posa na siku ya harusi. Ni mtu wa kunywa kahawa bila sukari na kukunja mtandio wake vizuri kila anapokaa. Nilimwona anaangalia saa yangu ya mkononi zaidi ya alivyomwangalia yeyote kati yetu.

Saa tatu kasoro dakika kumi.

Nitoke kidogo kwenye treni niwaambie habari ya usafi, maana bila hiyo hamtaelewa. Wiki tatu kabla, Redio huyohuyo alileta kijiweni habari kwamba wakaguzi watapita kwenye reli nzima kuchagua vituo vya kubaki na vituo vya kuuawa. Tuliamini kwa sababu tuliogopa. Tukapaka chokaa mawe ya ukingo wa jukwaa. Mhandisi akaandika upya kibao cha jina la kituo, herufi zikaanza kubwa na kuishia ndogo kwa sababu ubao uliisha. Mbuzi tukawatoa kwenye chumba cha kusubiria. Ile ratiba ya zamani ya ukutani, ya miaka kumi na moja iliyopita, tuliipiga vanishi. Mjomba wangu akaenda peke yake nyuma ya tangi na mfuko wake wa vyuma, Jumamosi nzima na Jumapili nzima kabla ya Jumanne ile, akarudi na grisi mpaka kwenye viwiko. Hakusema alichofanya zaidi ya kwamba kazi imekwisha. Jumatatu alishinda anatabasamu.

Wakaguzi hawakuja. Iliyokuja ni treni ya Jumanne, ikapita.

Mhandisi aliligeuza hilo nalo kuwa sababu. Alisema tulipitiliza. Dereva ni mpya, ana mwezi mmoja tu kwenye njia hii. Aliambiwa kuna kituo kichafu chenye mbuzi, akaona kinang'aa, akajua sicho. Binti yangu akacheka kidogo, kisha akanyamaza ghafla na kushika ubavu.

– Nini? nikamuuliza.

– Tumbo limekaza. Limeachia.

– Tangu lini?

– Tangu alfajiri, mama. Si mara nyingi.

Nilimmiminia maji ya moto bila kahawa, nikamwambia anywe polepole. Mkwe wangu alisogea akakaa ubavuni kwake. Hatukuangaliana, lakini nilijua tunahesabu kitu kimoja.

Wanaume walikuwa wamesikia, na woga wao ukapanda kwa njia wanayoijua, yaani wakaongea zaidi. Redio alisema ile treni haina abiria tena, wale watu madirishani wamechorwa. Mhandisi akamuuliza aliyetupungia mkono je, naye kachorwa? Redio akasema huyo wamemwacha mmoja wa kweli ili tusishtuke. Mhandisi akasema basi sababu iko chini ya mlima. Machimbo ya mawe yalifungwa kwa sababu wachimbaji walifikia kitu ambacho si jiwe, na siku hizi treni hupita hapa mbio kwa kuwa imebeba kitu hichohicho, na ikisimama dakika tano kinapata joto.

– Mjomba, nikasema, waambie hawa ukweli wa machimbo.

Mjomba wangu ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Hapa wanamwita Mzee Waya. Alivuta ishara za treni miaka thelathini na minane, kwenye kituo hikihiki, na hajui kubishana. Anajua kueleza tu. Akaeleza kama anavyoeleza siku zote. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya watu. Ilijengwa kubeba mawe kutoka mlima ule kwenda kujengea bandari, na kituo kikawekwa hapa kwa sababu injini ya mvuke ilikuwa inaishiwa maji hapahapa. Vibarua wa machimbo wakajenga vibanda, vibanda vikawa nyumba, nyumba ndizo sisi. Zilipokuja injini za dizeli, tangi likakosa kazi. Bandari ilipotosheka na mawe, machimbo yakafungwa. Miaka kumi na moja iliyopita mkuu wa kituo wa mwisho alihamishwa, akafunga ofisi na kuondoka na ufunguo. Masika yaleyale tawi la mkaratusi likaanguka nyuma ya tangi na kukata waya wa ishara. Mjomba alikuwa ameshastaafu, akaandika barua kwa shirika. Hakujibiwa.

Aliyasema hayo kama anavyoyasema kila wiki, na sisi hatukumsikia, kama tusivyomsikia kila wiki.

Aliyemsikia ni mkwe wangu. Aliweka kikombe chini.

– Samahanini, alisema. Mimi ni mgeni. Kituo hakina mkuu, hakina tiketi, hakina mtu wa bendera. Miaka yote hiyo kumi na moja, treni ilikuwa inasimamishwa na nani?

  Mhandisi alisema ilikuwa inasimama yenyewe.

– Kwa nini?

– Kwa mazoea.

– Treni ina mazoea?

Redio akadakia, akasema ni kahawa. Dereva wa zamani aliipenda kahawa yangu, na huo si uongo. Nilimpelekea kikombe kila safari, nikimnyooshea dirishani, yule mzee mpole aliyestaafu mwezi uliopita. Lakini mtu husimama kwanza ndipo anywe. Na huyu mpya hanywi kahawa, wala mara zile alizosimama hakuinywa.

Nikaanza kumkumbuka yule mzee dirishani. Kila treni iliposimama ilipiga honi moja fupi. Halafu yeye huchungulia mbele, kule nyuma ya tangi, si kwetu sisi. Huangalia saa. Huchukua kikombe. Dakika tano zikiisha, huondoka taratibu mno, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga. Na huyu mpya Jumanne alichungulia mbele kulekule, wala hakupunguza mwendo.

– Mjomba, nikasema. Ule mkono wa ishara kule nyuma ya tangi. Uliutengeneza?

Uso wake ukang'aa. Nadhani alikuwa amesubiri wiki nzima mtu amuulize. Alisema ameunga waya, amepaka grisi puli zote, akaivuta ile fimbo ya chuma inayovuta waya, na mkono ukashuka laini kama zamani. Akaubana hukohuko chini, ili wakaguzi wakifika wakute kituo kinapokea mgeni vizuri.

– Na kabla hujautengeneza ulikuwaje?

– Ulikuwa umenyooka. Waya ukikatika mkono hunyooka wenyewe. Ndivyo walivyoutengeneza.

– Ukinyooka unamwambia nini dereva?

– Hatari. Simama.

– Na ukishuka?

– Njia nyeupe. Pita.

Kikombe chake kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Hakikufika.

Hakuna aliyemsaidia, na mimi sikumsaidia pia. Miaka kumi na moja tulidhani tunaheshimiwa. Kumbe dereva alikuta mkono wa hatari, akasimama kwa sheria, akapiga honi, akasubiri dakika zake, kisha akaendelea kwa kunyatia. Na ndani ya dakika hizo sisi tukapanda na kushuka na watoto wetu na magunia yetu. Hakuna aliyekuwa anatusimamia. Treni ilikuwa inaogopa tu. Kisha mtu mmoja mwaminifu akaiondolea woga.

Saa tatu na dakika ishirini. Binti yangu alipumua kwa mdomo, macho ameyafumba.

– Basi kaurudishe, nikasema.

Mjomba alitikisa kichwa. 

– Siwezi.

– Fimbo imekwama?

– Haijakwama. Njia ni nyeupe. Nikimwonyesha dereva hatari na njia ni nyeupe, nimemwongopea. Sijamwongopea dereva hata siku moja.

– Miaka kumi na moja amekuwa anaongopewa.

– Ule ulikuwa ugonjwa. Waya ulikatika. Mtu akiushika kwa mkono wake mwenyewe, huo sasa ni uongo.

Alinikumbusha habari ya mwenzake aliyewahi kuweka hatari ya uongo ili mke wake aiwahi treni. Treni ya mizigo iliyokuwa nyuma haikutegemea kuikuta ile mbele imesimama. Hakumalizia. Hiyo habari tumekua nayo; tunajua inakoishia.

Redio alipendekeza kitambaa chekundu. Mjomba akasema siku hizi madereva wana amri: tangu watu walipoanza kusimamisha treni kwa vitambaa ili wapore, kitambaa mkononi mwa raia si ishara. Mkwe wangu akamuuliza, kwa adabu sana, kama sheria ya reli haina neno kwa mgonjwa. Mjomba alifikiri mpaka nikataka kumtikisa. Akasema sheria ina neno kwa mgonjwa aliye ndani ya treni.

Hapo Mhandisi akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

– Redio, twende. Lile gogo la mkaratusi lililoko nyuma ya ofisi. Tunalilaza juu ya reli, dereva ataliona tangu kwenye kona.

– Na asipoliona?

– Ataliona.

Walishaanza kwenda. Mjomba aliinuka haraka kuliko nilivyodhani magoti yake yanaweza. Kikombe kikaanguka, kile kisicho na kishikio, na hakikuvunjika.

– Gogo juu ya reli hapana, alisema. Humo kuna watu.

– Basi tupe kingine, mzee. Unakataa hiki, unakataa kile, na huyu anazaa.

Mimi si mtu wa akili nyingi. Niliishia kidato cha nne, na hesabu nilipata kwa taabu. Lakini nimelea wanne, na mtoto anayekataa jambo unamsikiliza anachokataa hasa ni kipi. Mjomba hakukataa kusimamisha treni. Alikataa uongo.

– Mjomba, nikasema. Gogo likiwa kando ya reli, si juu yake. Karibu. Hatua moja. Njia ni nyeupe?

Akapima kwa macho.

– Hatua moja ni karibu mno, alisema. Linaweza kuviringika.

– Kwa hiyo njia si nyeupe?

– Si nyeupe mpaka liondolewe.

– Na mkono uwe wapi?

 Kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye tangi, na bila kugeuka akawaambia wale wawili walilete, na ole wake atakayeligusisha chuma.

Nilikwenda naye kwa sababu sikumwamini. Nyuma ya tangi pana nguzo ya chuma ndefu, na juu yake mkono mwekundu aliokuwa ameufuta mpaka ukarudi rangi. Nimekuwa nikisuuza vikombe chini ya nguzo ile miaka yote, na sikuwahi kuinua uso kuuliza ina kazi gani. Mkono ulikuwa umeshuka, umeelekea chini kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango. Redio na Mhandisi walikuja na gogo wakihema na kulaumiana. Mjomba aliwafanya waliweke, waliondoe, waliweke tena. Alipima kwa mguu wake. Alitaka hatua moja kamili, asiwe ameongeza wala kupunguza. Saa tatu na dakika arobaini na tano alitazama gogo, akatazama reli, akasema kwa sauti ya kazini ambayo sijaisikia tangu nikiwa msichana:

– Kizuizi njiani.

Akaachia fimbo. Waya ulilia, mkono ukapanda na kunyooka.

Tulirudi jukwaani.  Nilimimina kahawa kwenye vikombe ambavyo vilikuwa bado vimejaa. Tumbo lilimkaza tena binti yangu, na safari hii nilitazama saa kwa siri: dakika kumi na mbili tangu lilipokaza mara iliyopita. Mkwe wangu alikuwa ameshika mkono wake na mimi nimeshika mkoba. Nilimtuma Redio akahakikishe mkono bado umenyooka. Akaenda, akarudi, akasema umenyooka. Nikamtuma Mhandisi akahakikishe Redio ameangalia vizuri.

Saa nne ikapita. Na dakika tano. Redio alianza kusema labda wameing'oa reli yenyewe kule mbele, mkwe wangu akamtazama, akaacha.

Saa nne na dakika tisa ilitokea kwenye kona. Ilikuja kwa mwendo uleule wa Jumanne. Niliona madirisha, nikaona watu, na nikaona hawajachorwa. Ilikuwa imeshafika kwenye mawe tuliyoyapaka chokaa ndipo ikaanza kulia, chuma kwa chuma, mlio mrefu mbaya ambao sitausahau, ikapunguza, ikapunguza, behewa la kwanza likatupita, la pili likatupita, la tatu likasimama na mlango wake mbele ya kibao chenye herufi zinazopungua.

Honi moja fupi.

– Panda, nikamwambia.

Ngazi ya behewa iko juu. Mkwe wangu alipanda kwanza akamvuta, mimi nikamsukuma kwa chini, bila maneno mazuri yoyote. Nilimwambia ajisaidie kabla ya kufika kwa sababu hospitalini foleni ya choo ni ndefu. Nikampa mkwe wangu chupa ya maji ya moto. Mwanangu alitaka kusema kitu, nikamwambia atasema akirudi.

Dereva alikuwa ameshashuka. Ni kijana, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, na daftari kubwa la jalada jeusi kwapani. Alitembea mpaka nyuma ya tangi, na sisi tukamfuata. Mjomba alikuwa amesimama wima kando ya fimbo, amejifunga vifungo vya koti mpaka cha shingo.

– Kuna nini?

– Kizuizi, akasema mjomba, na kuonyesha gogo.

Dereva aliliangalia gogo. Aliangalia umbali wake kutoka kwenye reli, na sehemu lilipopasuliwa kwa shoka, na alama za kuburuzwa zilizotoka moja kwa moja nyuma ya ofisi. Redio na Mhandisi hawakungoja kuambiwa. Walilishika wakaliviringisha mpaka kwenye majani, wakasimama wakihema kama watu waliofanya jambo kubwa. Mjomba akakagua reli, huku na huku. Akavuta fimbo. Mkono ukashuka taratibu.

– Njia nyeupe, alisema.

Dereva aliutazama ule mkono muda mrefu. Nilidhani atakasirika, nikawa nimejiandaa. Hakukasirika. Alifungua daftari juu ya goti, akaangalia saa, akaandika. Kisha akainua uso, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi, akatuuliza kwa upole kabisa:

– Mkuu wa kituo hapa ni nani?

Redio akamtazama Mhandisi. Mhandisi akatazama viatu vyake. Mjomba alikuwa anatazama mbele, kidevu juu, hakujitaja, maana yeye hajawahi kuwa mkuu wa kituo na asingesema uongo hata kwa hilo. Mimi nilikuwa nimeshika birika, sijui kwa nini nilikuja nalo. Kwenye behewa la tatu nilisikia mwanangu akipumua, au nilidhani nimesikia.

Dereva alisubiri. Alipoona hakuna jibu, aliandika kitu kifupi, kama neno moja au mawili, akafunga daftari, akapanda. Treni iliondoka.

Mtoto alitolewa kwa kisu usiku wa kuamkia Jumamosi. Ni wa kike, kilo tatu kasoro, mama yake alipoteza damu nyingi lakini yuko sawa. Mkwe wangu alinipigia simu, akasema hayo kwa mpangilio huohuo, akakata. Wanarudi kesho, Ijumaa, kwa treni ya jioni.

Kijiweni hawaongei kingine wiki nzima isipokuwa yale maneno ya daftarini. Redio anasema aliandika "hakuna". Mhandisi anasema aliandika jina la mjomba, kwa sababu aliutazama mkono muda mrefu. Redio anasema kama aliandika "hakuna", kesho hata ishara ikiwa ya hatari atapiga honi tu na kunyatia bila kusimama, au wataleta mafundi wang'oe nguzo nzima. Mhandisi anasema nguzo ile haing'oki, imeshikiliwa na kile kitu cha chini ya mlima. Nimewaambia wote wawili wanyamaze, sina nguvu. Jumanne gogo liliwekwa tena, treni ikasimama dakika tano, hakuna aliyepanda wala kushuka, na dereva hakuteremka.

Mjomba hakai benchini tena. Siku za treni hukaa chini ya tangi kando ya fimbo yake, na kahawa nampelekea kulekule. Jioni hii nimepita nikamkuta ameinama juu ya gogo na kamba ya kupimia. Alisema ile hatua ya kwanza aliipima kwa kiatu, na kiatu chake kimechakaa kisigino. Anataka kesho iwe hatua kamili.

Nikaweka birika chini, nikamshikia kamba upande wa pili.